Nani Anauza Miwani ya Yinsen?

Neno "bandia" katika Kiswahili lina nyumba mbili. Katika nyumba ya kwanza yumo mtoto wa bandia, yule wa matambara ambaye msichana humbeba mgongoni, humlaza na kumkemea. Hakuna aliyewahi kumwita mtoto huyu mwongo. Katika nyumba ya pili zimo noti bandia, dawa bandia na vyeti bandia, vitu vinavyopeleka watu mahakamani. Mtaani nyumba hii ya pili imepewa jina la "feki", na kwa bahati mbaya imeanza kuimeza ile ya kwanza. Kila kilichoigwa tunakiita feki, tunacheka, tunapita zetu.

Leo nahakiki kitu cha bandia. Ni taa ya kuvaa kifuani, ya plastiki, upana wake kama kisosi cha chai. Ni mfano wa ile aliyoivaa Tony Stark katika filamu ya Iron Man, iliyotoka mwaka 2008 ikiongozwa na Jon Favreau. Ilinunuliwa na mtoto wa mama yangu mdogo, dereva wa bodaboda wa Holili na mwigizaji wa kikundi cha vijana cha hapo hapo mpakani, kwa ajili ya mchezo wao wa jukwaani. Ilipofika haikuwaka. Nilikuwapo ilipofika, nilikuwapo ilipofunguliwa, na nilikuwapo ilipopanda jukwaani. Kwa hiyo naandika kama shahidi na pia kama mhakiki. Ndugu msomaji, usishangae kwamba kurasa zilizozoea riwaya na diwani leo zimebeba betri na waya. Utaona tunakokwenda.

Mwalimu mmoja mstaafu, ambaye maoni yake nayaheshimu, aliposikia habari za taa hii alisema neno moja tu: kasumba. Alipoombwa aeleze, aliuliza kwa nini vijana wa Kilimanjaro wamvae Mmarekani wa kubuni wakati wanaye Mangi Meli, aliyenyongwa na Wajerumani Old Moshi mwaka 1900. Hoja hii si ya kupuuza, na mchezo wa Mangi Meli uandikwe, tena mapema. Lakini naona mwalimu ameweka kidole pembeni kidogo ya kidonda. Kitu cha kuigwa hakina kosa kwa kutoka mbali. Kosa linaanza pale tunapokubali kukaa nacho kikiwa kimefungwa kwa gundi, tukikitazama tu. Na ajabu ni kwamba filamu yenyewe, ukiisoma vizuri, iko upande wangu.

Kisa kwa ufupi

Kwa ambaye hajaiona, Tony Stark ni tajiri wa Kimarekani anayetengeneza na kuuza silaha. Anakwenda Afghanistani kuonyesha kombora jipya. Msafara wake unashambuliwa, na bomu lenye jina la kampuni yake mwenyewe linampasukia karibu. Vipande vya chuma vinamwingia kifuani na kuelekea moyoni. Anaamkia pangoni, mateka. Aliyemwokoa ni mateka mwenzake, msomi mwenye miwani aitwaye Yinsen, ambaye amemfunga kifuani sumaku ya umeme na kuiunganisha na betri ya gari ili vipande vile visisogee. Baadaye Stark anatengeneza kinu kidogo cha umeme chenye mwanga mweupe wa samawati kichukue nafasi ya ile betri. Madini ya kinu hicho yanatolewa ndani ya makombora yake. Wawili hao wanaunda vazi la chuma la kutorokea. Stark anatoka. Yinsen, akimnunulia mwenzake muda, anapigwa risasi na kufia pangoni.

Kuna mambo mawili yanayopita haraka, na mtazamaji anayetafuna karanga atayakosa. La kwanza, Yinsen ndiye mkalimani. Watekaji wanasema, yeye anafasiri. Bila yeye tajiri hajui hata anadaiwa nini. La pili, hawa wawili walishawahi kukutana, mjini Bern, Uswisi, kwenye mkutano. Stark hakumbuki, maana alikuwa amelewa. Kwa hiyo mtu anayemtengenezea moyo ni mtu aliyempita bila kumwona.

Vilevile pango hili halijawahi kutulia mahali pamoja. Kisa kilianza mwaka 1963 katika kitabu cha katuni, Tales of Suspense toleo la 39, na tajiri alitekwa Vietnam, kwa kuwa huko ndiko macho ya Wamarekani yalikokuwa. Mwaka 2008 vita vyao vilikuwa Afghanistani, basi pango likahamishwa. Wenye kisa wenyewe wamekifungua, wamebadilisha sehemu, wamekifunga tena. Sasa likihamia Holili tutaambiwa tumeiba?

Kununua ni kusoma

Taa ilinunuliwa kwa simu kutoka kwa muuzaji mmoja wa Nairobi, kwa shilingi 4,500 za Kenya. Kwa dereva wa bodaboda hiyo si pesa ya kuchezea. Kabla ya kulipa, dogo alinionyesha tangazo, nami nikalisoma kama ninavyosoma diwani ya mtu nisiyemjua.

Picha zote zilikuwa zimepigwa gizani. Hili lisikupite, maana gizani taa yoyote ni nzuri. Maneno yalisifu kufanana: inafanana na ya filamu, ni kama ya filamu, utadhani ya filamu. Hayakusema inatumia betri ngapi, swichi iko wapi, kifuniko cha nyuma kimefungwa kwa skrubu au kwa gundi, wala inashikamana na nguo kwa njia gani. Anayetaka kununua kitu cha namna hii aulize mambo hayo manne. Aombe pia kuona picha ya video iliyopigwa mchana, mkono ukiwasha na kuzima. Skrubu zina maana kwamba aliyekitengeneza alimfikiria atakayekitengeneza tena. Gundi ina maana kwamba hakumfikiria.

Hilo la kushikamana si la urembo tu. Nyingine hufungwa kwa mkanda, nyingine kwa pini, na nyingine kwa sumaku, moja mbele na moja nyuma ya shati. Katika filamu sumaku ndiyo inayolinda moyo. Katika maisha ya kweli, mtu aliyewekewa kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo hatakiwi kabisa kuweka sumaku kifuani, kwa sababu inaweza kubadili utendaji wa kifaa hicho. Hapa hadithi na uhai vinakwenda njia mbili, na mnunuzi afuate uhai. Ya dogo ilikuwa ya mkanda, tukashukuru.

Mpakani: huu ni utanzu gani?

Mzigo ulikuja kwa basi hadi Taveta, dogo akaufuata kwa pikipiki. Siku hizi kati ya Taveta na Holili kuna utaratibu wa kituo kimoja: anayeingia Tanzania anakaguliwa upande wa Tanzania, anayeingia Kenya upande wa Kenya, hakuna kusimama mara mbili. Njia za panya zipo, kila mtoto wa hapa anazijua, lakini dogo alisema kitu cha jukwaani hakipiti vichakani.

Ofisa wa forodha alifungua boksi, akaigeuza ile duara mara mbili, akauliza, "Hiki ni nini?"

Naomba wahakiki wenzangu tulipe swali hilo heshima yake. Ni taa? Haimuliki chochote. Ni mchezo wa mtoto? Mwenyewe ana ndevu. Ni pambo? Lina betri. Ni vazi? Halifuniki. Huu ndio mjadala wa tanzu tunaoupigia kelele kwenye semina, na hapa uliulizwa mezani, ukiwa na ushuru juu yake, maana bidhaa iliyotengenezwa nje ya Jumuiya ya Afrika Mashariki haipati ule msamaha wa mahindi na maharage yetu. Dogo alijibu, "Afande, ni moyo wa kuigizia." Ofisa akacheka, akaandika kitu cha kuchezea, akapokea kinachotakiwa, akatoa risiti. Mimi nasema jibu la dogo ndilo sahihi kifasihi, na la ofisa ndilo sahihi kiserikali. Kazi nyingi za sanaa huishi na majina mawili ya namna hiyo.

Fani: taa iliyokataa kuwaka

Nyumbani tukaweka betri tatu ndogo, zile za rimoti. Kimya. Tukageuza, labda chanya na hasi zimepishana. Kimya. Tukatazama kama kuna kile kiplastiki cha kuzuia umeme ambacho husahaulika kwenye kikasha cha betri. Hakipo. Tukasugua springi. Kimya bado. Muuzaji alipopigiwa alisema irudishwe Nairobi kwa gharama ya mnunuzi, halafu itaangaliwa. Hiyo ilikuwa Jumatano. Mchezo ulikuwa Jumamosi.

Basi tukaenda kwa fundi. Kibanda chake kiko kando ya barabara, malori ya pozolana yakipita yanamwachia vumbi jekundu mezani, naye analifuta kwa kiganja bila kutazama. Anatengeneza simu, redio na chaja. Filamu hajaiona.

Nataka nieleze alichofanya hatua kwa hatua, kwa sababu sijaona uhakiki mwingi wa fani ulio makini kiasi hicho. Alianza na mita, kwenye kikasha cha betri. Betri tatu za volti moja na nusu zinatoa volti nne na nusu, na mita ikasema hivyo hivyo. Kwa hiyo chanzo ni kizima. Akapima upande wa pili wa waya, unapoingia kwenye duara. Sifuri. "Umeme umetoka nyumbani haujafika sokoni," akasema. Akaanza kuukunja waya taratibu, sentimita kwa sentimita, kama mtu anayehesabu tasbihi. Karibu na shingo ya mkanda, taa zikapepesa mara moja zikazima.

"Hapa. Nje mzima, ndani umekatika."

Akaongeza neno ambalo nimelibeba hadi leo: kitu cha kuvaliwa hufia kwenye mkunjo. Redio inakaa mezani, haikunjwi. Kinachovaliwa kinapumua na mwenyewe, kinainama naye, kinatoa jasho naye, na siku zote kinakatika pale mwili unapokunjika. Aliyetengeneza taa hii alifikiria kuonekana kwake, hakufikiria kuvaliwa kwake. Waya ulikuwa umenyooshwa kipimo cha mwisho, bila nafasi ya bega kupanda na kushuka.

Ili waya mpya uingie ilibidi kifuniko kifunguke, na kifuniko kilikuwa cha gundi, kimeandikwa kwa Kiingereza na Kichina kwamba kisifunguliwe. Fundi alimtazama dogo, hakutuangalia sisi wengine. "Kikifunguka, dukani hakirudi. Unaelewa?" Dogo alikaa kimya muda wa lori mbili kupita. Shilingi 4,500 za Kenya, mali mpya, na kuiuza tena baada ya mchezo ndio ulikuwa mpango wake. Mwisho akasema, "Fungua, fundi."

Likaazimwa draya kwenye saluni ya jirani, gundi ikapashwa moto, kadi ya zamani ya simu ikapenyezwa. Kifuniko kikatoa mlio mmoja mbaya. Ubavuni likabaki kovu la ukubwa wa ukucha.

Ndani kulikuwa na taa ndogo kumi zilizopangwa duara. Fundi alikata waya mbovu, akaunga mpya mrefu zaidi, na kabla ya kuufunga akaupiga fundo ndani ya kasha, ili mtu akiuvuta, mvuto ukamatwe na fundo, usifike kwenye risasi aliyochomea. Akawasha. Zikawaka sita. Nne giza. Akainama na kioo cha kukuzia: baadhi ya viungo vilikuwa vya kijivu, vya chengachenga, dalili ya risasi iliyopoa kabla ya kushika. Akavipasha upya hadi vikang'aa. Zikawa tisa. Ya kumi ilikuwa imekufa kabisa, basi akatoa nyingine kwenye tochi mbovu iliyokuwa mtungini. Hakuiunga moja kwa moja. Taa nyeupe ya aina hii inataka volti kama tatu hivi, na ukiipa nne na nusu bila kizuizi itawaka vizuri sana kwa muda mfupi sana. Kila moja ilikuwa na kizuizi chake kidogo cha umeme, naye akakitunza.

Ile ya tochi ni ya manjano kidogo kuliko zenzake. Ukijua, unaiona. Mwanga wote ulikuwa mkali mno, unachoma macho, kwa hiyo fundi akakata duara kwenye mfuniko mweupe wa kopo la aiskrimu na kuuweka mbele ya taa. Mwanga ukatulia, ukawa laini, na hapo ndipo kwa mara ya kwanza ulifanana na ule wa filamu. Mwisho akatuonya tusitumie betri za kuchaji, kwa sababu kila moja hutoa volti moja na nukta mbili tu, tatu ni tatu na nukta sita, na taa itakuwa kama jicho la mgonjwa. Bei: elfu nane za Tanzania. Hakupunguza, na dogo hakuomba apunguziwe.

Maudhui: kioo cha kabatini

Sasa turudi kwenye filamu. Baada ya kufika kwao, Stark anajitengenezea kinu kipya na kumwambia msaidizi wake, Pepper Potts, akitupe kile cha zamani cha pangoni. Yeye hakitupi. Anakiweka ndani ya sanduku la kioo, na maandishi ya kuthibitisha kuwa bwana huyu ana moyo. Kitu cha kazi kikageuka pambo la mezani. Baadaye Obadiah Stane, mshirika wake wa biashara, anamchomoa kinu kipya kifuani na kumwacha afe. Stark anatambaa hadi chini kwenye karakana, na mkono wa mtambo mzembe aliyekuwa akiusimanga tangu mwanzo unampa lile sanduku. Anavunja kioo, anarudisha cha zamani kifuani, anaishi. Na katika pambano la mwisho nguvu zinampungukia, maana kinu cha pangoni hakikutengenezwa kwa vazi jipya. Filamu nayo inaijua habari ya betri isiyolingana.

Kwa hiyo filamu inatuonyesha waziwazi kitu cha kuhifadhiwa kabatini, halafu inasema kitakuokoa ukivunja kioo. Wauzaji wakachukua kitu hicho hicho, wakakitia gundi, wakaandika kisifunguliwe. Fundi ambaye hajaiona filamu aliisoma vizuri kuliko wao.

Tena tusisahau kwamba "ya asili" nayo ilikuwa taa ya kuigizia. Studio ya Stan Winston ilitengeneza mavazi ya chuma yaliyovaliwa mbele ya kamera, na hakuna hata chuma kimoja kilichoruka. Anayesema ya dogo ni feki kwa sababu haizalishi umeme wa kweli, aniambie ni ipi inayozalisha. Sote tuko katika nyumba ya kwanza ya neno bandia, ile ya mtoto wa matambara.

Lakini filamu ina doa, na hapa naungana na mwalimu kwa nguvu zote. Sanduku la taa hii lina uso wa Stark. Zinauzwa taa zake, kofia zake, glovu zake. Nani anauza miwani ya Yinsen? Yeye ndiye aliyeweka sumaku ya kwanza, yeye ndiye aliyefasiri, yeye ndiye aliyekufa. Katika Avengers: Endgame ya mwaka 2019, kile kinu cha kwanza kinaelea ziwani juu ya shada la maua kwenye msiba wa Stark, na dunia nzima ya mashujaa imesimama kandokando. Ni picha nzuri. Mimi niliitazama nikamtafuta aliyezikwa pangoni.

Wazee wetu walifungua vifuniko

Mwalimu anaposema kasumba, anasahau kwamba rafu yake mwenyewe imejaa vitu vilivyofunguliwa. Muhammed Said Abdulla alimchukua mpelelezi wa Kiingereza mwenye kiko, akamleta Unguja, akamwita Bwana Msa, na kwa Mzimu wa Watu wa Kale, kilichotoka mwaka 1960, akaipa riwaya ya Kiswahili mlango mpya. Kiko ni kile kile. Waya wa ndani ni mwingine. Elvis Musiba alimchukua jasusi wa suti safi, akamwita Willy Gamba, akampa kazi ya kupigana na maadui wa ukombozi wa Afrika. Mwalimu Nyerere alipotafsiri tamthiliya ya Shakespeare kuhusu mfanyabiashara wa Venisi, mwaka 1969, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, aliiita Mabepari wa Venisi. Neno moja la jalada, na kifuniko chote kimefunguka.

Na wale wa mikanda ya video je? Lufufu, jina halisi Derek Gaspar Mukandala, aliyefasiri filamu kwa sauti yake juu ya sauti ya waigizaji, hakuwa akitafsiri tu. Alieleza, alitania, aliongeza, alimleta Mmarekani uswahilini. Huko Wakaliga, Kampala, Isaac Nabwana alipotengeneza Who Killed Captain Alex? mwaka 2010, bunduki zake ziliundwa na Dauda Bisaso kwa vyuma chakavu, na sauti ya msimuliaji, VJ Emmie, ikaachwa humo humo ndani ya filamu. Hawa wote ni ukoo wa Yinsen: mafundi na wakalimani. Ukoo huu ndio fasihi yetu, tukiri.

Mchezo wenyewe

Jumamosi taa iliwaka kutoka onyesho la pili hadi pazia. Vijana waliligeuza pango kuwa shimo la pozolana lililofukia watu wawili, tajiri wa mgodi na fundi wa mitambo. Hilo ni wazo zuri, na watu wa Holili walilipokea kwa ukimya wa watu wanaojua mashimo hayo. Mazungumzo ni hai. Fundi anawafasiria wote, Kichagga kwa waokoaji wa juu, Kiswahili cha Taveta kwa dereva wa lori, Kiingereza kwa tajiri, na vicheko vyote vya usiku ule vilitoka kwake. Mwigizaji wake ndiye aliyekuwa bora. Dogo, aliyeigiza tajiri, alitegemea taa kuliko uso wake, na alipogeuka upande kovu la gundi lilionekana hadi kiti cha tatu. Mimi kovu lile lilinipendeza.

Lakini onyesho la mwisho fundi anakufa. Tajiri anapanda kutoka shimoni, kifua kinawaka, watu wanapiga makofi, pazia. Niliwauliza vijana kwa nini. Wakasema, "Ndivyo ilivyo kwenye filamu."

Waandishi wenzangu, hapo ndipo ninapogomba. Mlihamisha pango, mlibadili lugha, mlifungua kifuniko kilichoandikwa kisifunguliwe, halafu mkaacha kiungo cha kijivu pale pale kilipokuwa. Ubora wa mchezo wote uko kwa yule fundi, na nyinyi mnamuua kwa sababu Hollywood ilimuua. Hiyo sasa ndiyo kasumba, na haikuja kwenye boksi la Nairobi.

Fundi wa kibanda alikuja kutazama. Nilimtafuta baadaye nimuulize kuhusu kifo kile, akaniambia hakukishika sana. "Mimi nilikuwa naangalia lile fundo kama litakamata." Lilikamata.

Kikundi kina mpango wa kuurudia mchezo huu Himo. Ombi langu kwao ni dogo, na halihitaji kununua kitu chochote tena. Fundi atoke shimoni. Apanguse miwani yake, asimame mbele ya tajiri anayewaka kifuani, amtajie bei ya kazi yake, na asipunguze.